Koki Inayojifunga Yenyewe

Siku niliyojua kwamba mama anaumwa ilianza kama siku nyingine yoyote. Nilitoka Mikumi asubuhi, nikapita kijiji cha Ulaya, nikafika Kilosa kabla ya adhuhuri nikiwa na kapu langu la nyanya na nyama. Nilipokaribia nyumbani kwake nikaona tope barabarani, na mvua haikuwa imenyesha. Maji yalikuwa yanatoka chini ya geti la mama, yanafuata njia ya magurudumu, yanateremka kwa jirani. Nikakimbia. Koki ya uani ilikuwa wazi mpaka mwisho. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni tu ya ile koki, anachagua mawe kwenye mchele, ametulia kama mtu anayesikiliza redio.

“Mama, koki umeiacha wazi!”

Akainua uso. “Koki gani?”

Mtu asiyemjua mama yangu angecheka. Mimi nilikaa palepale kwenye tope na gauni langu la safari. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiogesha watoto wawili kwa maji ya sufuria moja, na yaliyobaki akamwagilia mchicha. Tulikulia Magole, kwenye mashamba ya mpunga na mahindi, na kiangazi kilipokaza tulikuwa tunafukua mchanga mtoni mpaka maji yachuruzike. Mama aliyapima maji kama wengine wanavyopima dawa. Lakini hakuwahi kumnyima mtu. Mwaka mmoja ng'ombe waliingia shambani kwake wakala mahindi yakiwa yanakaribia kukomaa, na hasira zikiwa bado mbichi akaja mlangoni mama mmoja wa Kimasai, mtoto mgongoni, anaomba maji ya kunywa. Mama alimpa kata, akamsubiri anywe, akamnywesha na mtoto, ndipo akaanza kumgombeza habari za ng'ombe. Alimgombeza mpaka yule mama akacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Baba alipofariki tulimhamishia Kilosa mjini, kwenye nyumba ndogo tuliyoijenga polepole. Kitu alichokipenda kuliko vyote katika nyumba ile kilikuwa bafu la ndani. Sebule alikuwa akiwaachia wageni, lakini bafuni alikuwa akiingia kwa heshima. Kulikuwa na sinki dogo jeupe la kunawia na koki moja. Kila alipomaliza kutawadha aliifuta ile koki kwa pindo la kanga, kama anavyomfuta mtoto kamasi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaishi naye. Ni fundi cherehani, ndoa yake ilivunjika mapema, akarudi kwa mama na mashine yake ya kushonea. Mimi nina gesti ndogo Mikumi, kando ya barabara kuu, wanakolala madereva wa malori ya kwenda Iringa na Tunduma. Kwa hiyo mgawanyo wetu ulijulikana: yeye anakaa na mama, mimi naleta mahitaji. Hatukuwahi kuuzungumzia. Ulijipanga wenyewe.

Tulimpeleka mama Morogoro hospitali. Daktari, dada mpole mwenye sauti ya chini, alimwuliza mama maswali madogomadogo: leo siku gani, hapa ni wapi, huyu uliyekuja naye ni nani. Mama alijibu machache, mengine akayakwepa kwa mzaha. Kisha daktari akatuita pembeni, akatueleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, unakula kumbukumbu kidogokidogo, na hauna dawa ya kuuponya. “Mfanyieni nyumba iwe salama,” alisema. “Na kile anachoweza kukifanya mwenyewe, mwacheni akifanye. Msimnyang'anye mapema.”

Mdogo wangu aliandamwa na maji. Kilosa maji ya bomba hayatoki kila siku, ndiyo maana tulimwekea mama simtanki. Mama akawa anafungua koki na kuondoka. Tanki linaisha, maji hayatoki, mdogo wangu anaanza kuhangaika na wauza maji wa mikokoteni huku wateja wanamsubiri na nguo zao. Akaing'oa koki ya uani, akaliziba bomba. Mama akahamia ya bafuni. Tukajaribu kumwekea ndoo na kopo. Akaibeba ndoo nzima akaimwaga sakafuni kwa mkupuo, akateleza, akaumia bega. Bega lile lilimsumbua mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata nilifika wakati wa alasiri, nikasikia mtu analia bafuni. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwama, sikujua mara moja kwamba ni ya mama. Mdogo wangu alikuwa ameutoa mkono wa koki, ule wa kuzungusha, akauficha kwenye mfuko wa aproni yake. Kwenye sinki kilikuwa kimebaki kile kijiti cha chuma kilicho wazi. Mama alikuwa amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, tayari kwa udhu, anakizungusha kijiti kwa vidole. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Aliponiona akanionyesha mikono yote miwili.

“Maji yamenikataa,” akasema.

Nikamshika. Mdogo wangu akaja akasimama mlangoni, utepe wa kupimia bado umemning'inia shingoni. Nilitaka kumfokea, nikamtazama usoni, nikashindwa. Alikuwa amekonda.

“Dada, nifanye nini?” akaniuliza. “Nikiuacha mkono wa koki tunakosa maji. Nikiutoa ndiyo haya. Niambie wewe nifanye nini.”

Akautoa ule mkono mfukoni, akaurudishia mahali pake mwenyewe, akamfungulia mama maji. Mama akatawadha, damu na maji vikateremka pamoja. Tulimfunga vidole kwa vipande vya kitambaa kutoka kwenye cherehani. Alipokuwa akisali, sisi wawili tulikaa jikoni, na hapo ndipo nilipokumbuka hospitali ya Morogoro. Nilikuwa nimenawa mikono kule kwenye koki ya kubonyeza kwa juu: unabonyeza, maji yanatoka kiasi, kisha yanakatika yenyewe.

“Nitamtafutia koki,” nikamwambia mdogo wangu. “Anafungua mwenyewe, inajifunga yenyewe.”

“Zipo?”

“Zipo. Nitaipata iliyo nzuri, tena ya bei ya watu kama sisi.”

Kwa habari za koki nilikuwa na uzoefu wangu. Madereva wa malori wana mikono mizito, wanafunga koki kama wanakaza nati za tairi. Katika gesti yangu nimezika koki za kila namna. Nimejifunza kwamba koki mbaya mara nyingi inang'aa kuliko nzuri. Nimejifunza kuipima mkononi, kwa sababu ya shaba ina uzito wake na ya bati lililopakwa nikeli ni nyepesi kama ganda la yai. Nimejifunza kuigeuza na kutazama chini, pale kwenye meno ya kufungia, maana huko ndiko mtengenezaji mwongo anakosahau kudanganya. Lakini zote nilizowahi kununua zilikuwa za watu wenye nguvu. Koki ya mtu anayesahau sikuwahi kuinunua.

Nilianza na duka la vifaa vya ujenzi pale Mikumi, kule malori yanakopaki. Muuzaji ni kijana ninayemfahamu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nataka koki ya sinki ya kubonyeza.”

Akanitolea ya kwanza, nikaishika, nikamrudishia kabla hajamaliza kuisifu. Akaleta nyingine ambayo haiguswi kabisa, unapeleka mkono tu maji yanakuja, inatumia betri. Akaniambia ndiyo wanayofunga kwenye hoteli za watalii za kule mbugani. Nikawaza mama amesimama mbele ya kitu kinachomwaga maji kila anapopita, anafikiri nyumba ina jini. Nikamwambia airudishe. Ya tatu ilikuwa ya shaba, nzito, meno yake safi. Nikaibonyeza kwa kidole changu kidogo cha mwisho. Haikuzama. Nikajaribu tena.

Kijana akacheka. “Mama, mbona unaibonyeza kama unaiogopa? Weka kiganja.”

“Naibonyeza kwa mkono wa mtu mwingine,” nikamwambia.

Hakunielewa, na sikumweleza. Nikamshukuru, nikatoka. Nilizunguka na duka la pili, na siku nyingine nilipofuata sukari Ruaha, penye kiwanda, nikauliza na huko. Mahali pamoja springi ilikuwa laini lakini mwili wa plastiki. Pengine mwili mzuri, springi ya chuma cha pua inayohitaji mkono wa dereva. Pengine kila kitu kilikuwa sawa, na bei nayo ilikuwa ya kujengea chumba. Nikawa naota koki. Ndipo nikajiambia, kwa nini nampimia mama kwa kidole changu, na vidole vyake anavyo?

Nikaenda Kilosa nikamchukua. Mdogo wangu alimwogesha, akamvika doti mpya ya kanga, tukaenda naye taratibu mpaka duka kubwa la vifaa karibu na soko. Njiani mama alikuwa kimya, ameniachia mkono wake kama mtoto anayepelekwa shule. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani. Alimpa mama shikamoo, akamletea stuli. Nikamweleza shida yetu kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na koki nne, akazipanga mezani mbele ya mama.

Mama akazitazama. Kisha akanyoosha mkono akachukua moja, akaipima. Akachukua ya pili kwa mkono wa pili, akazipima zote mbili kama alivyokuwa akipima mafungu ya dagaa.

“Hii ina tumbo,” akasema. “Hii tupu.”

Mwenye duka akanitazama. Nikatazama chini nisije nikaharibu kitu.

“Umesema kweli bibi,” akajibu. “Hiyo yenye tumbo ni shaba yote.”

Mama akaiweka ile tupu pembeni. Akaibonyeza yenye tumbo kwa dole gumba. Ikazama bila shida, ikakaa chini kidogo, kisha ikapanda yenyewe polepole, na sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Akaibonyeza tena. Akatabasamu.

“Unauzaje?”

Mwenye duka akataja bei yake. Mama akairudisha koki mezani, akafuta vidole kwenye kanga.

“Mwanangu, mimi nimekuja kununua koki. Sijaja kununua duka.”

Vijana wa kupakia saruji waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Mwenye duka naye akacheka, akashuka kidogo. Mama akataja yake, ya chini mno.

“Aa, bibi, unaniua. Basi panda kidogo.”

“Nina magoti mabovu, sipandi. Wewe kijana ndiye ushuke.”

Akashuka. Alishuka mpaka akafika pale nilipokuwa nimejiwekea moyoni, na mama hakuambiwa na mtu bei yangu. Kisha akadai nyongeza, kama zamani tulipokuwa tunanunua chumvi Dumila, na akapewa kigurudumu cha utepe mweupe wa kuzibia maungio. Akamwuliza mwenye duka kwao ni wapi. Alipotaja kijiji upande wa milimani, mama akabadilisha lugha, akamsemesha Kikaguru, na yule bwana akamjibu, wakaendelea hivyo kwa muda. Mimi Kikaguru nakisikia nusunusu, tulikulia shuleni zaidi kuliko jikoni. Nilisimama pale na hela mkononi, nasikiliza. Mama yangu alikuwa amerudi. Nilisema moyoni, yule daktari amekosea. Watoto wa watu wanakosea kila siku. Mama alikuwa amechoka tu, sasa amepumzika, amerudi.

Tulitoka nje tukasimama kivulini chini ya paa la duka kusubiri bajaji. Mfuko wenye koki nilikuwa nimeushika mimi. Nilikuwa nimejaa furaha, nilitaka kumpigia mdogo wangu simu palepale. Mama akatengeneza kanga yake kichwani. Akanigeukia, akanitazama usoni kwa makini, kisha akainama kidogo kwa adabu, kama anavyofanya mtu kwa mkubwa wake.

“Shikamoo,” akaniambia.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

“Shikamoo, dada,” akarudia. “Umenisaidia sana leo. Mungu akulipe.”

Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Ukiiacha, umemdharau mtu. Na kwetu pia hakuna mtoto anayeitikia shikamoo ya mama yake; hata kwa mzaha ungechapwa. Mama alikuwa bado ameinama kidogo, anasubiri, na macho yake yakaanza kuingiwa na wasiwasi, kama mtu anayejiuliza kakosa nini. Sikuweza kuuvumilia wasiwasi ule.

“Marahaba,” nikasema.

Uso wake ukafunguka. “Una mama wewe?”

“Ninaye.”

“Yuko wapi?”

“Yupo hapahapa Kilosa.”

“Basi ukifika nyumbani, mwambie nimemsalimia,” akasema. “Mwambie amelea.”

Bajaji ikaja. Nilimpandisha, nikakaa pembeni yake, na njia nzima nilitazama nje upande wangu. Hakuona. Alikuwa anafurahia upepo.

Fundi bomba alikuja kesho yake. Mwanzoni koki ilitoa maji kama mate, akasema tanki liko chini mno, likapandishwa juu ya matofali, mambo yakawa sawa. Tulimwita mama. Akabonyeza, maji yakatoka, akayatazama, yakakatika yenyewe. Akaisogelea ile koki kama anayetaka kuinong'oneza.

“Kumbe una akili,” akaiambia.

Sitakuwa na shukrani nikisema koki ile haikutusaidia. Ilisaidia sana. Mama alitawadha mwenyewe masika yote na kiangazi kilichofuata. Alisahau kwamba ametawadha, akarudi, akatawadha tena, na tena, na hakuna aliyemzuia, maana tanki halikuisha na sakafu haikulowa. Mdogo wangu alinenepa kidogo. Alirudi kushona sare za shule, akawa anaimba kwenye mashine. Alinipigia simu Mikumi kunihadithia: leo mama kaipa koki salamu, leo kaifuta kwa pindo la kanga.

Na leo kaniita mama. Hilo aliniambia kwa sauti ya kucheka, nami nikacheka.

Mimi sikuitwa mama wala mwanangu. Nilipokwenda, mama alinipokea vizuri, kwa heshima, akamwita mdogo wangu jikoni: “Njoo, yule dada wa koki amekuja.” Ndilo jina nililobaki nalo. Katika yote niliyowahi kuwa kwake, mtoto aliyemnyonyesha, binti aliyemfundisha kupepeta mchele, aliyempeleka kwa mume na kumsindikiza akilia, kilichobaki ni siku ile moja ya dukani. Mwanzoni nilimsahihisha. “Mama, ni mimi, mwanao.” Aliaibika, akaanza kuomba radhi kwa kunisahau, na kuomba radhi kwake kulinichoma zaidi. Nikaacha. Nilikubali kuwa dada wa koki. Nilikaa naye kwenye mkeka, ananihadithia habari za binti yake mkubwa aliyeko Mikumi, mwenye gesti, mchapakazi, lakini haji siku hizi.

“Atakuja,” nilimwambia.

“Ana kazi nyingi,” akamtetea.

Baadaye Kiswahili kikaanza kumtoka. Akabaki na Kikaguru cha utotoni, akiwaita watu ambao hata sisi hatukuwahi kuwajua. Nilikuwa nachukua neno moja, napoteza matatu. Mdogo wangu alimleta bibi mmoja jirani awe anamsikiliza, na yule bibi alitutafsiria: anauliza kama mpunga umeshafunikwa, anasema mvua inakuja. Tulimjibu kupitia kwa bibi kwamba umefunikwa. Kisha miguu ikagoma. Hakufika tena kwenye sinki. Mdogo wangu alimtawadhisha kitandani kwa beseni, na wakati mwingine mama alinyoosha dole gumba, akabonyeza hewa.

Alifariki asubuhi moja, jua likiwa limeshatoka. Mdogo wangu alinipigia simu, akaniita “Dada” tu, nami nikajua. Nilipofika Kilosa wanawake walikuwa wameshajaa uani na wanaume wamekwenda kuchimba kaburi. Maji ya bomba hayakuwa yakitoka siku hiyo. Majirani walileta ndoo zao, kila mtu alicho nacho, na wanawake wazoefu wakaanza kumwosha mama chumbani kwake. Mimi na mdogo wangu tuliruhusiwa kusaidia. Mwili wake ulikuwa mdogo sana. Lile bega lilikuwa limebaki na kovu.

Walipofika kwenye maji ya mwisho, yale ya karafuu maiti, ndoo zilikuwa zimekwisha. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anaongoza akanipa jagi. “Binti, leta maji.”

Nikaingia bafuni. Hakukuwa na koki nyingine katika nyumba ile, moja tulikuwa tumeing'oa. Nikaweka jagi chini ya ile ya sinki, inayotoa maji ya tanki, nikabonyeza. Ikatoa kidogo, ikajifunga. Nikabonyeza. Ikajifunga. Nilikuwa nimetembea maduka mangapi nikitafuta kitu chenye tabia ile hasa, cha kutoa kidogo na kukatika, na sasa mama yangu amelala chumbani anasubiri maji, nacho kinanipimia. Kule ndani wakauliza, vipi? Nikabonyeza mpaka dole gumba likafa ganzi. Nikaanza kuipiga kwa kiganja, nikaitukana. Mdogo wangu akaja akanikuta hivyo. Aliweka mkono wake juu ya wangu, tukaibonyeza pamoja, tukaishikilia chini kwa nguvu ya watu wawili isipande, mpaka jagi likajaa.

Tulimzika baada ya alasiri.

Baada ya arobaini mdogo wangu alisema hawezi kubaki katika ile nyumba. Nilimchukua Mikumi. Nilimpa chumba cha mbele, akaweka mashine yake dirishani, na sasa madereva wanamletea suruali zilizochanika na wanawake wa jirani wanamletea vitambaa vya harusi. Hatuzungumzii sana mambo yale. Kuna siku naona ameinua uso kutoka kwenye mashine, anasikiliza, kama mtu aliyesikia kitu bafuni, kisha anaendelea kushona. Na mimi kuna jambo ambalo sijampata wa kunijibu. Mama alimsubiri binti yake wa Mikumi mpaka mwisho, na binti alikuwa amekaa naye mkeka mmoja, amemshika mkono. Je, alikufa akiamini sikuja? Nimemwuliza shehe, akanipa maneno mazuri ya rehema za Mungu. Yalinifariji kwa siku chache. Kisha swali likarudi, na bado lipo.

Nyumba ya Kilosa tumeipangisha, kwa mwalimu na mkewe na watoto wao wadogo. Ni watu wastaarabu. Mwezi uliopita yule mke alinipigia simu.

“Shikamoo mama. Samahani, ile koki ya bafuni inatutesa. Watoto hawajazi hata kikombe. Tunaweza kuweka ya kawaida?”

“Wekeni,” nikamwambia.

“Na hii tuifanyeje? Fundi anasema ni shaba, ni nzuri sana, haijaharibika popote. Tukutunzie?”

Nilikuwa kwenye ua wa gesti, naanua mashuka. Nikalianua shuka la kwanza, nikalitupia begani.

“Mpeni fundi,” nikasema. “Atapata wa kumwuzia.”

Nikakata simu. Nikashika shuka nikae sawa nilikunje, nikajikuta nimelikumbatia, nalia kwa sauti, mchana kweupe, mtu mzima na nywele zangu zenye mvi. Dereva mmoja aliyekuwa amelala chumba cha mwisho akatoka na mswaki mdomoni. Ni mtu wa Mbeya, mgeni kwangu. Akatoa mswaki.

“Mama, umepata habari mbaya?”

“Hapana,” nikamwambia. “Ni ya zamani.”

Akasimama, hajui aende au abaki. Kisha akaweka mswaki wake juu ya ukuta, akaja akashika pembe mbili za lile shuka, akarudi nyuma mpaka likanyooka, akasubiri mpaka nilipokuwa tayari kukunja.